Chumba Kimoja cha Baridi

Mume wangu amefariki miezi minne sasa na mimi sijamlilia. Msinitazame hivyo. Nilimpenda yule mzee mpaka aibu. Nimekosa pa kulilia, basi, na sababu yake ni kiyoyozi.

Msibani nilikuwa nakimbizana na vikombe vya wageni. Nikajiambia, wakishaondoka nitajifungia chumbani nilie mpaka nikauke. Wakaondoka. Ndipo bili ya umeme ikaja.

Nyumba ina viyoyozi vitatu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, karani wa bima anayefanyia kazi nyumbani, aliisoma ile bili akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa. Akatoa amri: kuanzia leo kinawashwa kimoja tu, na wote tunakaa hapo. Kipi? Cha chumbani kwangu, kwa sababu daktari alisema joto linanipandisha presha. "Haba na haba hujaza kibaba, mama," akaniambia. Nikaitikia. Nilidhani ni mambo ya siku mbili.

Lo! Yule mwanamke hana mchezo. Nyuzi ishirini na sita, si chini ya hapo, na feni isaidie kusambaza baridi. Mapazia yanafungwa kabla jua halijafika dirishani. Chini ya mlango kunasukumwa taulo kuukuu lililokunjwa. Kila Jumamosi mwanangu anachomoa kichujio, anakiosha, anakianika kivulini. Mlango unafunguliwa mara moja kwa saa, na wote mnatoka na kurudi kwa mkupuo, wa chooni chooni, wa jikoni jikoni. Ukiufungua katikati, hata kama nyumba ni wewe uliyeijenga na marehemu, utapigiwa kelele: "Mlangooo!"

Basi tumo humo. Mimi kitandani, mkwe na kompyuta yake kwenye meza yangu ya kioo, mwanangu mpima ardhi na ramani zake sakafuni, wajukuu wawili na ugomvi wao. Usiku yanatandikwa magodoro, wanakoroma mpaka asubuhi. Nilikuwa mkunga miaka thelathini. Nimewaambia wanawake wangapi, "Lia, mama, hakuna anayekucheka"? Na leo mimi mwenyewe nameza machozi kama vidonge.

Nilijaribu, si kwamba sikujaribu. Bafuni, mjukuu mdogo akagonga: "Bibi, umemaliza? Dakika zinaisha!" Sebuleni, kwenye joto, hata sijakaa vizuri mkwe huyo, mbio. "Mama, presha! Watu watasema tumekutupa nje." Nikawaambia zimeni hilo dude, kila mtu arudi kwake, mimi nitajipepea. Mwanangu akanitazama kwa huruma. "Mama, baridi yote hii ni kwa ajili yako." Sasa utagombana vipi na watu wanaokufungia ndani kwa mapenzi?

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, mkwe akageuka kwenye kiti. "Mama, nilikuwa nawaza. Tukikitoa hiki kitanda kikubwa tukakuwekea kidogo, meza ya watoto itaingia."

Kitanda hicho ndicho alichofia mzee, upande wa ukutani, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Yakanifika shingoni. "Hakitoki! Hakitoki ng'o! Mmekalia chumba changu, sasa mnataka mkalie na pumzi yangu? Sijamlilia mume wangu, mnasikia? Miezi minne! Nataka kulia na hamnipi hata nafasi!"

Mwanangu akaweka ramani yake pembeni, akasema polepole, "Basi lia, mama. Kwani sisi si wako?"

Wakanisogelea wote. Mjukuu mkubwa akashika karatasi za kufutia, tayari kwa kazi. Wakanikodolea macho kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Jamani, nani analia hivyo? Halikutoka hata tone. Nikapiga chafya.

"Bibi, bado?" akauliza mdogo.

Mkwe ndiye aliyesimama. "Nje wote. Sasa hivi."

"Lakini saa haijafika!"

"Nimesema nje." Akachukua rimoti, akashusha mpaka ishirini na nne. Kwa yule mwanamke, hiyo ni sadaka kubwa. "Nisamehe, mama," akasema, macho chini, akatoka na kufunga mlango taratibu.

Nikabaki peke yangu. Nikajilaza upande wa mzee, uso kwenye mto, nikasubiri. Ndipo nikasikia sauti kwenye korido, sauti ya kubanwa, ya mtu anayejizuia. Ukunga unakufundisha kutofautisha kilio cha deko na kilio cha maumivu. Nikadhani mtoto ameumia. Nikatoka mbio.

Alikuwa mwanangu. Mwanaume wa miaka arobaini, amekaa sakafuni kwenye joto lile, mgongo ukutani, ameuma kola ya shati. Machozi na jasho vilikuwa vinamtiririka pamoja.

"Una nini, baba?"

"Mzee," akasema. "Hata mimi sijamlilia, mama. Tunashinda humo pamoja, tunalala humo pamoja, ningelilia wapi? Niliogopa ukiniona presha itakupanda. Nikasema nitasubiri ulie wewe kwanza."

Na mimi miezi yote minne nilikuwa namsubiri yeye atoke.

Nikakaa chini kando yake, nikamvuta kichwa mpaka kifuani, na kilio kikatoka chenyewe, kikubwa, cha kuwasumbua majirani. Mkwe alichungulia kutoka jikoni, akawashika watoto mikono, akawapeleka nje.