Damu ya Saa Tisa

"Usikunje mkono, mama," Daktari Hanifa alisema, akabonyeza pamba pale sindano ilipotoka.

Neli aliutazama mkono wake uliovimba. Miaka thelathini mkono huo ulifinyanga vyungu Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Kisha figo zikaanza kuharibika, na tangu jana kifua kilimbana mpaka Enoki, mumewe, akampandisha gari kutoka Kyela hadi hospitali hii ya Mbeya.

Damu ya saa tatu asubuhi ilileta jibu baya.

"Moyo ukiumia huvujisha protini kwenye damu," daktari alieleza. "Kwako tumeiona, tena nyingi. Lakini mtu mwenye figo mbovu huweza kuwa nayo siku zote. Ndiyo maana nimechukua tena saa tisa hii. Ikiwa imepanda, moyo unashambuliwa, na siwezi kukuruhusu. Ikiwa palepale, ni maradhi ya siku nyingi."

Alipoondoka, Enoki aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nikifia huku," Neli alisema, "mnirudishe ziwani."

Enoki alimvutia shuka. "Unaikumbuka bandari ya Itungi?"

Angeisahauje? Enoki alikuwa baharia kijana melini, naye Neli alileta gatini vyungu vya kwenda kusini, vimefungwa kwa nyasi kavu. Kimoja kilimponyoka Enoki kikapasuka. Alikuja Ikombe kuomba radhi, akaja tena, na mara ya tatu akaja na wazee wake. Siku hizo wateja wa Mbamba Bay walivijua vyungu vya Neli kwa kingo zake nyembamba. Sasa soko la Lusungo limejaa ndoo za plastiki, nyekundu na bluu, na vyungu hurudi Ikombe kwa mtumbwi uleule uliovipeleka.

"Ulikivunja makusudi," Neli alisema.

"Sikuwa na neno lingine la kukuanzia."

Neli alicheka. Kifua kikamuuma, naye akaendelea kucheka.

Jioni daktari alirudi na karatasi. "Haijapanda. Ni ileile ya asubuhi. Moyo haujashambuliwa, mama. Ila umechoka pamoja na figo, sitakuficha. Chumvi uache, maji unywe kwa kipimo, na udongo usichimbe wala usibebe. Kila mwezi uje nikuone."

"Ndaga, daktari," Neli alishukuru. Hakuuliza amebakiza miaka mingapi. Enoki alitaka kuuliza, akaishia kuikunja karatasi mara nne.

Wiki ya pili baada ya kurudi, Enoki alichukua jembe na kikapu akaenda kuchimba udongo, kazi ambayo wanaume wa Ikombe huwaachia wake zao. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa usipa ufukweni walimcheka. Alirudi ametapakaa matope, akapiga magoti mbele ya Neli, akaanza kukanda.

"Udongo bado una mawe," Neli alisema.

"Wapi? Mimi siyaoni."

Neli alimshika kidole, akakizamisha ndani ya udongo baridi, akakiongoza polepole, wakilitafuta jiwe.