Siku Mbili Kavu Drumgorey

Mwaka ule kule kaunti ya Leitrim kiangazi kilikuja jina tu, chenyewe hakikuonekana. Mvua ilianza mwishoni mwa Mei, watu wakasema itapita. Juni ikaisha, Julai ikaingia, na mvua haikuwa na habari ya kupita. Ilinyesha asubuhi, mchana ikapumzika kidogo kama mtu anayetafuta pumzi, kisha ikarudi na nguvu mpya. Nguo zilianikwa juu ya jiko hadi nyumba nzima ikanuka soksi. Padri wa kijiji cha Drumgorey aliomba jua kila Jumapili, na Jumapili moja paa la kanisa likaanza kumvujia utosini katikati ya sala. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye mwenyewe alipocheka.

Ita Shanley alikuwa na sababu zake za kuichukia mvua hiyo. Mumewe, Ultan, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari alimpiga marufuku kukanyaga shambani mpaka Oktoba. Basi ng'ombe, banda, nyua na mitaro vikamwangukia Ita, ambaye maisha yake yote alikuwa nyuma ya kaunta ya posta akiuza stempu na kusikiliza umbea. Hakuwa mgeni wa ng'ombe, lakini kumjua ng'ombe kwa kumpita na kumjua kwa kumlisha ni mambo mawili tofauti.

Ultan naye hakumwacha apumue. Alikaa dirishani na magongo yake, simu mkononi, akimwongoza mkewe kama anayeongoza ndege kutua.

"Ita, yule mwekundu anachechemea."

"Hachechemei, Ultan. Anakwepa dimbwi."

"Mimi namwona anachechemea."

"Basi njoo umshike mkono."

Kufikia katikati ya Julai malisho yalikuwa matope matupu. Ita akawarudisha ng'ombe bandani, jambo ambalo hufanywa Novemba, akaanza kuwalisha mabaki ya marobota ya nyasi ya mwaka uliopita. Kila asubuhi akifungua robota jingine roho ilimuuma. Nyasi za akiba ya majira ya baridi zilikuwa bado zimesimama kondeni, ndefu, zimelowa, wala hapakuwa na siku kavu ya kuzikata.

Ndipo redio ikatangaza siku mbili za jua, Jumatano na Alhamisi. Baada ya hapo, mvua tena.

Simu ya Malachy Gaffney iliita mpaka ikawa moto. Malachy ndiye aliyekuwa na mashine kubwa za kukata nyasi na kufunga marobota, na wafugaji wote wa upande ule walimtegemea. Akawaambia wote neno moja: atafuata barabara, nyumba kwa nyumba, wala hatakata kwa wa pili kabla ya kumfungia wa kwanza; hakuna wa kupendelewa. Kwa bahati ya barabara, akina Shanley walikuwa wa kwanza. Baada yao alikuwa jirani yao Eunan Brehony, mseja wa miaka sitini na kitu aliyeishi na dada yake Bernadette. Eunan alikuwa mtu wa maneno machache. Akikwambia "siku njema" ujue amekuhutubia.

Jumatano jua likatoka kweli. Malachy akaja na mashine ya kukatia, nyepesi, akalilaza konde zima kwa saa chache. Jioni Ita alisimama langoni akivuta ile harufu ya nyasi zilizokatwa, akahisi mabega yake yakishuka kutoka masikioni, mahali yalipokuwa tangu Mei.

Alhamisi asubuhi Malachy akaja na mashine ya kufunga marobota, mpya, ya kijani, kubwa kama kibanda. Simu ya Ita ikalia kabla mashine haijaingia vizuri langoni.

"Mwambie apite juu, kwenye miti!" Ultan alikuwa akipiga kelele. "Asikaribie mtaro! Chini kule hamna ardhi, ni uji!"

Ita akakimbia kondeni akipunga mikono yote miwili. Malachy, aliyekuwa amefungulia muziki ndani ya kibanda cha trekta, akadhani anasalimiwa. Akampungia naye, akatabasamu, akageuza usukani kuelekea mtaroni.

Haikuzama kwa kishindo. Iliinama taratibu upande mmoja, kama bibi anayekaa kwenye kochi la chini, kisha ikatulia na gurudumu limefukiwa hadi katikati. Dirishani Ultan alikuwa akigonga kioo kwa gongo.

Malachy alishuka, naye akazama mpaka magotini. Akaitazama mashine yake, akamtazama Ita.

"Shamba lenu hili, Ita, siku mkiliuza mliuze kwa lita."

Eunan alisikia kutoka kwake, akaja na trekta na mnyororo. Wakafuata wengine waliokuwa kwenye foleni, kwa kuwa mashine ile ikikaa pale hakuna atakayefungiwa hata robota moja. Walikuja wamekunja nyuso. Walivuta, wakachimba, wakatia mbao na mawe chini ya magurudumu, wakatukanana, wakavuta tena. Karibu na saa sita mchana mashine ikatoka, lakini ilipotoka ukasikika mlio mmoja mkavu, kama mfupa. Ekseli ilikuwa imevunjika.

Malachy akakaa juu ya ukuta wa mawe, akavua kofia. "Habari yake imekwisha," alisema. "Leo haifungi kitu. Wiki hii yote haifungi."

Kila mtu akatazama magharibi. Mbingu bado ilikuwa nyeupe, ila kule mbali juu ya vilima weusi ulishaanza kukusanyika.

Ita akazitazama nyasi zake zilizolala safu safu. Zikinyeshewa pale chini zitaoza, na zikioza hakuna cha kuwalisha ng'ombe baridi ikija. Akawaambia wanaume wale kwamba wamefanya walivyoweza, wakanywe chai kwao, Mungu awabariki. Kisha akaingia ndani haraka, maana hakutaka wauone uso wake.

Jikoni Ultan alikuwa ameiweka simu mezani, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

"Tutauza wale wadogo," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na yule mwekundu, labda."

"Ndiyo, Ultan."

Akaweka birika motoni kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Maji hayajachemka, wakasikia kitu kikikohoa barabarani. Kilikohoa, kikanyamaza, kikakohoa tena. Ultan akajivuta mpaka dirishani.

"Yesu na Maria," alisema. "Eunan amelitoa lile kopo!"

Lilikuwa trekta dogo jekundu la marehemu baba yake Eunan, likivuta mashine ya kufungia ya zamani, ndogo, iliyokaa ghalani miaka mingi chini ya maturubai na kinyesi cha mbayuwayu. Kwa miaka hiyo yote Ultan alimtania Eunan kwamba anafuga kutu. Lakini kitu chepesi namna ile kingeweza kupita juu ya uji na kisizame.

Ita akatoka mbio na aproni yake.

"Eunan, na zako je? Si ungezikata sasa hivi ukazifunga zako na hiyo?"

Eunan alizima injini, akajikuna shingo. "Zangu zimesimama," alisema.

"Mvua ikirudi zitalala."

"Zilizosimama hazina haraka. Hizi zako ndizo ziko chini." Akafikiri kidogo. "Na pengine haitarudi."

Wote wawili wakageuka kutazama magharibi. Eunan akawasha trekta, akaingia.

Kilichofuata Ita alikikumbuka maisha yake yote, ingawa hakikuwa kitu zaidi ya kazi. Wale wanaume hawakuwa wamekwenda kwao. Walikuwa wamekwenda kuleta uma za kuinulia nyasi na reki. Mashine ya Eunan ilifunga marobota madogo ya mraba, ikashikwa na kikohozi kila baada ya mita chache, na kila ikishikwa Eunan alishuka, akaipiga nyundo mahali palepale, ikaendelea. Wengine waliyabeba marobota hadi mahali pa juu karibu na banda, wakayapanga, tayari kufunikwa kwa plastiki nyeusi na kukandamizwa kwa matairi mabovu. Malachy, ambaye hakuwa ameshika uma tangu anunue mashine yake ya kwanza, alitokwa na malengelenge mapema, lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"Eunan! Hiyo umeiazima makumbusho?"

"Na ya kwako mpya iko wapi?" Eunan akamjibu bila kugeuka.

Kicheko kikazunguka konde zima. Hata Malachy alilazimika kuegemea uma wake.

Bernadette akaja na kapu la mikate yenye nyama na chupa za chai ya maziwa, akamkuta Ultan amekaa kwenye kiti langoni, magongo pembeni, kisu mkononi, akikata kamba na kuwapa waliozihitaji.

"Wewe daktari alikwambiaje?"

"Alinikataza kutembea, Bernadette. Sitembei. Nimekaa."

"Na hapo ulifikaje?"

"Nipe mkate, dada, uache maswali ya polisi."

Ita alibeba marobota kama wengine. Nyasi zilimchoma mikono na shingo, nywele zilijaa vumbi. Vumbi, mwaka ule! Alipoinua macho aliona migongo ya watu ambao kila mmoja alikuwa na konde lake nyumbani na jua lilelile moja la kulitegemea, na lile jua walikuwa wakilitumia kwake. Hakuwa amewaomba. Asingeweza kuwaomba, neno lenyewe lisingetoka kinywani.

Matone ya kwanza yaliwakuta kwenye safu ya mwisho. Hakuna aliyekimbia. Eunan aliifunga safu ile hadi mwisho wake, wengine wakavuta plastiki, wakatupia matairi, na tairi la mwisho lilipotua maji yalikuwa yanatiririka kwenye kofia zao. Ita akapanda juu ya ukuta ili awashukuru wote, lakini watu wa Drumgorey wakihisi shukrani inakuja hutawanyika kama walioiba. Alipofungua kinywa walikuwa wamebaki migongo tu. Mmoja alisema kwa mbali, "Jioni njema, Ita," kana kwamba walikutana dukani.

Mvua ilirudi na ikakaa. Agosti nzima ilinyesha. Kila alipokwenda bandani Ita alilipita konde la Eunan, akaona zile nyasi zilizosimama zikianza kuinama, kisha kulala, kisha kugeuka njano chini kwa chini. Ng'ombe wa Ita walicheua bandani wakiwa na akiba yao pembeni. Hakuweza kuvumilia zaidi. Alasiri moja akaoka pai la tufaha, akalifunika kwa taulo, akavaa mabuti ya mpira, akaenda.

Eunan alikuwa mbele ya moto wa udongo mkavu wa kinamasi, unaochomwa kule badala ya kuni, akisoma gazeti la michezo. Bernadette akampokea pai, akaweka birika.

"Nimekuja kuhusu konde lako," Ita alisema.

"Leitrim wamepigwa tena," Eunan alisema. "Umeona? Mlinda lango amelala kabisa."

"Eunan."

"Halafu refa naye—"

"Eunan, nyamaza nikushukuru."

Bernadette akasimama na birika mkononi. Eunan akakunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Tungeuza ng'ombe," Ita alisema. "Ultan asingepona. Nyonga ingepona, yeye asingepona. Nataka ulijue hilo. Basi, nimemaliza."

Mvua ilipiga kioo. Eunan akautia moto kipande kingine cha udongo.

"Haya basi," alisema. Kisha, kama mtu anayetafuta njia ya kutoka mahali pembamba: "Hilo pai lina sukari ya kutosha?"

"Lina sukari."

"Bernadette huibana sukari."

"Mimi!" Bernadette akafoka, na wote watatu wakacheka, chai ikamiminwa.

Septemba, watu walipokwisha kukata tamaa, hewa ilibadilika. Jua likaja likakaa juma zima, la dhahabu, lisilo na haraka. Mashine ya Malachy ilikuwa imetengenezwa, na safari hii alianzia kwa Eunan, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nyasi zilizolala hazikatiki vizuri. Ultan, sasa akiwa na fimbo moja tu na ruhusa ambayo daktari hakumpa, alitangulia mbele ya mashine akionyesha palipo laini, na Ita alifuata nyuma na reki akiinua zilizoshikamana na ardhi. Walichopata kilikuwa kama nusu ya mavuno ya kawaida, cha kahawia na chenye harufu kali. Ng'ombe wa Eunan walikila baridi nzima wala hawakulalamika, na pale kilipopungua, kulikuwa na rundo la jirani.

Jumapili iliyofuata lile juma la jua, padri aliongoza misa ya shukrani. Kanisa lilijaa watu wenye nyuso zilizochomwa na jua la kuchelewa. Ita alikaa nyuma ya Eunan. Mahubiri hayajafika katikati, kichwa cha Eunan kikaanza kushuka, kikashuka, kikatua kifuani, na ndani ya ukosi wa shati lake jeupe la Jumapili Ita akaona vipande vidogo vya nyasi kavu vimenasa. Watu wakasimama kuimba. Ita naye akasimama, akafungua kitabu, lakini wimbo wote ukapita akiwa ameshika tu ukurasa. Ultan alimtazama, akamsogelea, akauegemeza mkono wake kwenye mkono wa mkewe, akaimba kwa niaba ya wote wawili, kwa sauti ya juu na bila kufuata tuni.