Shemeji Aliyeacha Utani

Daktari alipomwambia Matonya kwamba kichwani mwake mna uvimbe, si saratani, mdogo kama karanga, Matonya alicheka mpaka nesi akachungulia. Wakoloni walileta matrekta Kongwa, wakafyeka pori zima, karanga zikawashinda. Yake imeota bila jembe wala mvua.

Njia zilikuwa mbili. Asubiri, apigwe picha kila baada ya miezi sita, maana uvimbe wa namna hiyo hukua kwa mwendo wa kobe. Au apasuliwe mapema, kwa kuwa umekaa jirani na mshipa wa jicho la kulia. Kusubiri kungeweza kumpofua jicho, na kisu nacho hakiahidi kitu. Achague mwenyewe.

Nyumbani Nkuhungu aliwasimulia majirani jinsi mashine ilivyozimika kwa wingi wa akili ilizozikuta. Wakacheka wote, isipokuwa Restuta, mdogo wa mkewe. Huyu hakuwahi kumwamkia bila kumwuliza atakufa lini amrithi mbuzi. Siku hiyo alikuja na uji, akapiga goti.

"Shikamoo, shemeji. Pole sana."

Matonya akauweka uji chini bila kuuonja. Mtani haachi utani kwa ugonjwa. Hata msibani hutania. Akianza heshima, basi ameambiwa jambo ambalo mgonjwa amefichwa. Tangu hapo hakutaka kusikia habari ya picha wala kisu. Akaanza kugawa mashati. Anyesi, mkewe, akimsihi arudi kliniki, anajibiwa kuwa nyumba inayobomoka haipakwi chokaa.

Anyesi akachoka. Akamwita mdogo wake, akamwuliza mbele ya mumewe daktari alimwambia nini. Restuta akainamisha kichwa. Hata huyo daktari yeye hamjui. Ni akina mama wa kwaya waliomwonya kwamba mgonjwa wa kichwa akichekeshwa, mishipa hupasuka.

"Kwa hiyo sifi?" Matonya akauliza.

"Utakufa, tena kwa uchoyo. Ila si kwa uvimbe huo." Restuta alijifuta macho kwa pembe ya kanga. "Kapasuliwe, shemeji. Kwa macho mawili umeshindwa kuona kwamba dada yangu alikuonea huruma tu. Kwa moja itakuwaje?"

Matonya akajipapasa kichwa.

"Naogopa, Restuta."

"Ogopa huku unatembea. Kliniki inafungwa saa sita."

Akainuka kutafuta shati. Lilikuwa limebaki moja.