Mawaridi Saba ya Satini

Jumapili ya nne, mshonaji hakushtuka tena. Alisimama mlangoni mwa sebule, kikombe cha chai mkononi, akahesabu maua aliyoyapanga jana yake kwenye jagi juu ya meza: mawaridi matano mekundu, vijiti vitatu vya yasmini, na jani moja refu kwa nyuma. Katikati, mahali ambapo jana hakuweka kitu, lilisimama waridi la sita. Lilikuwa zuri kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa la satini, na alilishona mwenyewe.

Alilichomoa. Bua lake lilikuwa waya uliozungushiwa uzi wa kijani, na ncha ya waya ilikuwa imekatwa mshazari. Akalitia kwenye droo ya cherehani, pamoja na yale matatu ya Jumapili zilizopita, akaifunga droo kwa goti.

Mwenye jagi lile alikuwa mama mkwe wake. Mtaani walimwita Mkaguzi. Kwa miaka thelathini alikaa kwenye meza ya mwisho ya kiwanda cha nguo, akipitisha vidole kwenye mishono ya mashati kabla hayajaingia kwenye maboksi. Kazi iliisha, tabia ikabaki. Ukimpa mkono wa salamu, kabla hujauliza hali keshakuambia kifungo cha mkono wa shati lako kimelegea. Uzeeni macho yalimwingia ukungu, kisha yakafunga kabisa, lakini Jumamosi haikumpita. Asubuhi alitoka kwenda bustanini nyuma ya nyumba, akipapasa ukuta, akarudi na maua yake kwenye beseni. Alikaa kwenye kiti chake cha mto wa bluu, akakata kila bua ndani ya maji, kiasi cha pingili moja ya kidole, kisha akayapanga kwenye jagi la kioo lililovunjika mkono. Marefu nyuma, yenye harufu upande wa mlango.

"Kata mshazari, mwanangu," alikuwa akimwambia mkwewe. "Ukilikata sawasawa, bua linakaa kitako chini ya jagi. Litakunywaje?"

Mshonaji alicheka tu, akaendelea kukata sawasawa. Mkono uliozoea mkasi wa kitambaa haubadilishwi kwa maneno.

Ukaja mwaka wa ukame. Mabomba yalitoa hewa, maji ya ndoo yakawa ya kunywa na kupikia, na bustani ikafa kuanzia ukutani kuja mlangoni. Wakati huo Mkaguzi alikuwa hatoki tena nje. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Alisaidiwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kitandani, basi.

"Leo Jumamosi," alisema. "Kuna yaliyochanua?"

"Yapo, mama."

Neno lilikwisha kumtoka. Hakuwa na moyo wa kulirudisha. Akajifungia na cherehani yake, akachukua mabaki ya satini nyekundu ya gauni la bibi harusi mmoja, akashona mawaridi saba, akayadondoshea marashi, akaenda kumwekea mikononi. Alisahau, au alijisahaulisha, kwamba anampa kitambaa mtu aliyekula mshahara wa vidole vyake miaka thelathini.

Mkaguzi alilishika la kwanza kwa muda mrefu. Kidole gumba kilipita ukingoni mwa petali, polepole, mpaka mwisho wa mshono.

"Mwaka huu yana ngozi nzito," alisema.

"Jua kali, mama."

"Enhe. Jua."

Akayapanga. Jumamosi iliyofuata akaletewa yaleyale, yamedondoshewa marashi upya, akayapanga tena. Na ya tatu vilevile. Alhamisi yake akafariki, jagi likiwa juu ya kabati karibu na kichwa chake.

Siku ya mazishi mume wa mshonaji, ambaye ni fundi wa friji na si mtu wa maneno mengi, alisimama mbele za watu. "Mke wangu," alisema, "hakumkosesha mama maua ya bustani hata Jumamosi moja. Hata kwenye ukame. Mungu amlipe." Watu wakaitikia. Mshonaji akatazama viatu vyake. Kesho yake aliyazoa yale mawaridi bila kuyaangalia, akayatia kwenye mfuko wa vipande vya nguo, akaukabidhi mfuko kwa mkono wake kwenye gari la taka. Alisimama pale mpaka gari likapinda kona.

Mvua ziliporudi, bustani ikafufuka, naye akaishika kazi ya Jumamosi. Jumapili yake waridi la kwanza la satini likarudi.

"Umeweka ua kwenye jagi?" alimuuliza mumewe siku ile.

"Mimi? Mimi nikigusa ua linaganda."

Mshonaji hakuogopa kudhuriwa. Mkaguzi hakuwahi kumnyanyulia hata sauti. Alichoogopa ni swali lililokuja na yale maua: je, alijua? Kama hakujua, basi alidanganywa kama mtoto mchanga, akazikwa na uongo. Na kama alijua, basi alikaa siku zake za mwisho na hasira aliyoimeza, na sasa anairudisha kidogo kidogo, ua moja kila wiki. Na hakukuwa na njia ya kuuliza bila mumewe kujua kwamba sifa aliyompa kaburini haikuwa yake.

Asubuhi ile ya Jumapili ya nne jirani aliingia kuazima pasi, akaliona jagi.

"Jamani! Mpaka leo unamwekea mama maua?" Akamgeukia fundi. "Umeoa, baba. Mkwe wangu mimi nikimwomba glasi ya maji ananipa huku ameinamia simu, nusu ananimwagia."

"Huyu?" Fundi alitabasamu. "Huyu namjua mimi."

Ndipo mshonaji alipoona hawezi tena. Alisubiri jirani atoke na pasi.

"Kaa chini," alimwambia mumewe.

"Nimekosa nini tena?"

"Kaa, bwana."

Akafungua droo, akayapanga mawaridi manne ya satini juu ya meza. Akaeleza yote, moja baada ya jingine, kuanzia bustani kavu hadi gari la taka, na Jumapili nne. Hakujitetea. Mumewe alisikiliza huku akilizungusha ua moja kwa vidole vyake vyenye makovu ya waya. Mshonaji alipomaliza, alingoja agombezwe.

"Ndiyo maana," alisema mume mwishowe.

"Ndiyo maana nini?"

"Koleo. Wiki chache kabla ya msiba mama aliniita. 'Niletee koleo lako dogo, la kukatia waya.' Nikamuuliza, mama, unataka kutengeneza friji? Akaniambia mambo mengine si ya kuuliza. Nikampa, nikajua akili imeanza kumtoka. Sikuliona tena. Nikanunua jingine."

Wote wawili walikitazama kiti cha mto wa bluu. Tangu msiba hakuna aliyekikalia. Mume aliinuka, akaunyanyua mto.

Koleo lilikuwa pale, na kando yake kitambaa cha mkononi kilichofungwa fundo. Mshonaji alilifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya waya vyenye uzi wa kijani, kila kimoja urefu wa pingili ya kidole, kila kimoja mshazari. Vilivyokuwa juu vilikuwa na kutu ya maji. Alivihesabu kwa sauti. Saba.

Mkaguzi alikuwa amejua. Amejua tangu petali ya kwanza, akaitisha koleo, akayakata mabua ya waya yapate kunywa, akayarudisha majini akayapanga, marefu nyuma, na hakusema neno ili mkwewe asiaibike. Mshonaji aliketi sakafuni. Machozi yalimtoka bila kelele, na kifua chake kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu ukame.

"Na hivi?" aliuliza mumewe.

Chini ya vile saba, kwenye mkunjo wa kitambaa, mlikuwa na vingine vinne. Havikuwa na kutu. Vilimetameta, na ncha zake zilikuwa mpya kiasi kwamba kimoja kilimchoma kidole. Uzi wake ulikuwa bado na unyevu.

Nje jirani alisikika akiimba huku akipiga pasi.

"Twende kwa dada yangu," mume alisema kwa sauti ndogo. "Hata wiki moja."

Mshonaji aliyatazama mawaridi manne juu ya meza.

"Yamebaki matatu," alisema.

"Wewe!"

"Mama hakuwahi kuacha kazi nusu."

Jumamosi iliyofuata alichuma maua asubuhi, umande bado upo. Akayatia kwenye beseni, akachukua kisu badala ya mkasi, akakata kila bua ndani ya maji, mshazari, pingili moja. Aliyapanga akaacha nafasi katikati. Kitambaa alikwisha kukifunga fundo lilelile, akakirudisha chini ya mto pamoja na koleo, akakisogeza kiti mpaka mezani. Mumewe alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mwambie asiharakishe," alisema. "Koleo ninalo jingine."

Mshonaji alicheka.

Jumapili nafasi ya katikati ilikuwa imejaa. La tano lilikuwa pale, jekundu. Lakini si hilo lililomfanya aweke kikombe mezani. Mto wa bluu ulikuwa umebonyea katikati, na mbele ya kiti, juu ya meza, kulikuwa na kipande cha bua bichi la waridi la bustanini, bado kinatoa maji. Alikiokota. Upande mmoja ulikuwa mkato wake wa jana. Upande wa pili ulikuwa mkato mwingine, uliolala zaidi.

Mshazari wake haukuwa umetosha.

"Nimeona, mama," alisema, akavuta kiti kingine, akaketi upande wa pili wa meza.