Mapigo Manane

Nilikuwa nimeingiza mkono ndani ya silinda mpaka kwenye kiwiko nilipogundua kwamba shangazi yangu hapumui.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, hatua tatu kutoka kwenye pampu, kikombe cha chai mikononi. Mgongo wima. Macho wazi. Kilichonishtua ni mvuke. Ulitoka kikombeni, ukapita mbele ya midomo na pua yake, ukaendelea juu umenyooka kama uzi, bila kuyumba hata kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na diploma iliyokuwa bado inanukia wino. Kiwanda kilitengeneza vigae. Pampu yetu ilisukuma udongo uliokorogwa na maji, mzito kama uji, kutoka kwenye tangi hadi kwenye mashine ya kuukamua. Ilikuwa na silinda mbili: pistoni moja ikivuta, ya pili inasukuma. Tatizo lilikuwa mchanga. Mchanga hauna adabu. Ulijipenyeza pembeni mwa pistoni, ukatafuna raba yake ya kuzibia, ukachora kuta za silinda, na raba mpya haikumaliza wiki mbili.

"Nakupa mwezi mmoja upunguze huo ulaji," meneja aliniambia. "Ukishindwa, pampu inakwenda kwenye vyuma chakavu, na mhudumu wake anakwenda nyumbani."

Mhudumu wake alikuwa shangazi. Aliniokota nikiwa na miaka minne, siku ya pili baada ya mazishi ya wazazi wangu, na kila daftari nililowahi kuandikia lilitoka kwenye jasho la chumba kile.

Basi nikaingia na kalamu yangu. Fundi wa zamu, tuliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alinipokea kwa kuinama mpaka kofia ikaanguka.

"Shikamoo, Profesa! Umekuja kumfundisha samaki kuogelea?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogeza miguu, nafanya kazi."

Shangazi alicheka, akakohoa, akacheka tena.

Siku tatu nilikaa nikihesabu. Watu wa zamu nyingine waliiendesha pampu mapigo ishirini kwa dakika, wamalize kazi wakapumzike. Kwenye zamu ya shangazi ilipiga manane, marefu, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Nyuma ya pistoni kulikuwa na sanduku la maji safi, la kuosha udongo unaoponyoka. Wenzake waliyaacha maji yakawa meupe kama maziwa. Yeye aliyabadilisha kila asubuhi. Siri yote ilikuwa hapo, na ningeweza kuandika ripoti siku hiyo hiyo.

Lakini nilitaka vipimo. Nilitaka silinda zote mbili zimesimama, nizipime kwa pamoja, niandike tarakimu ambazo meneja asingeweza kuzibishia. Ni ugonjwa wa watu waliozoea kufaulu mitihani.

"Pampu haizimwi," shangazi aliniambia. Hiyo ilikuwa sheria ya kiwanda, na ilikuwa na sababu: udongo ukitulia hushuka chini na kuganda. Hata siku ya mapumziko pampu iliuzungusha na kuurudisha tangini. Raba zilibadilishwa upande mmoja huku upande wa pili ukifanya kazi. Umeme ukikatika, jenereta iliamka kabla hujamaliza kulaani.

"Sasa shangazi, nitapimaje kitu kinachotembea?"

"Kwa sikio, mwanangu. Mimi sijawahi kuipima kwa kitu kingine."

Jumamosi moja saa sita mchana, Redio akiwa ametoka kula, nilingoja mpaka shangazi ajimiminie chai na kukaa. Nikapita nyuma yake, nikazima.

Ukimya ulianguka kama mfuniko. Nikafungua bolti nane, nikautua mfuniko wa silinda sakafuni, nikaanza kupima. Niliongea naye huku nikifanya kazi, hakujibu. Nikadhani amenuna. Ndipo nikageuka nikauona ule mvuke.

"Shangazi?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, laini, wa mtu mwenye afya kabisa. Kifua kilikuwa kimetulia kama ukuta. Macho yake tu yalisogea. Yalinitazama usoni, kisha yakashuka polepole, yakaenda kwenye mfuniko pale sakafuni, yakabaki hapo.

Nilielewa kabla akili haijaelewa. Sijui nilizifungaje bolti zile. Moja ilinichana kiganja, na alama ninayo. Dakika kumi na tisa kwa saa ya ukutani. Nikawasha. Pistoni ya kwanza ikavuta, na kifua cha shangazi kikapanda. Ikasukuma, kikashuka. Mvuke, uliokuwa umebaki mwembamba, ukayumba.

Akanywa funda moja.

"Imepoa," akasema.

Kisha, bila kunitazama: "Vipimo umepata?"

"Nimepata."

"Basi usirudie."

Hatukulizungumza tena. Nilifanya kazi. Niliweka chekeche mbili kabla ya tangi, mchanga usifike. Niliifunga vali ya kasi kwa kufuli, ikabaki mapigo manane kwa kila zamu, na ufunguo nikauvaa shingoni. Maji ya sanduku niliyabadilisha mwenyewe, asubuhi na jioni. Raba ikadumu miezi mitano, kisha saba. Meneja akanisifu mbele ya wafanyakazi wote, Redio akaniita Profesa bila kucheka. Wote waliamini kwamba nilikuwa naokoa raba.

Miaka sita ikapita hivyo. Shangazi alistaafu, akawa anashinda kitandani, nyumba ya tatu kutoka kwenye ukuta wa kiwanda. Nilikuwa nikimkuta amelala, nahesabu pumzi zake. Manane. Lakini kuta za silinda zilikuwa zimeliwa kidogo kidogo pamoja na jitihada zangu zote, na pumzi yake ilikuwa na mkwaruzo mwishoni, kila ikivutwa.

Kisha masanduku yakaja: pampu mpya, isiyo na pistoni. Ya zamani ingezimwa Ijumaa. Niliandika barua tatu za kupinga. Nikajibiwa moja.

Alhamisi nilimweleza. Nilidhani nitakuwa na ujasiri. Nililia kama mtoto wa miaka minne.

"Mwanangu," alisema, "kinachosuguana huisha. Uliambiwa upunguze, ukapunguza. Hakuna aliyekuambia uondoe." Akanifuta uso kwa upande wa kanga. "Kesho unipeleke. Sitaki kuzimwa na mtu nisiyemjua."

Ijumaa asubuhi nilimwomba Redio atuachie chumba. Alimtazama shangazi, akaitazama pampu. Akavua kofia, akatoka.

Kiti kilikuwa palepale. Nilimkalisha, nikammiminia chai, nikamzungushia vidole kwenye kikombe.

"Safari hii," akaniambia, "usihangaike na bolti."

Nikapita nyuma yake.

Udongo ulianza kutulia ndani ya mabomba, niliusikia ukishuka. Nikaja mbele, nikachuchumaa karibu na magoti yake. Mvuke ulipanda umenyooka. Mara moja tu uliyumba, nikaruka. Kumbe ni pumzi yangu mwenyewe, niliyokuwa nimesahau kuishusha.

Nilikaa naye mpaka chai ikapoa.