Supu Nyeupe ya Mwaka Mpya

Tangu aolewe, Chizuru alikuwa akila supu ya mwaka mpya ya kwa watu, na kila mwaka aliimeza pamoja na hasira zake. Si kwamba ilikuwa mbaya. Kule Senju, kwa akina mumewe, supu hiyo ni maji maangavu yenye kuku na mboga za majani, na mochi yake, yaani donge la mchele uliotwangwa, hukatwa pembe nne na kuchomwa mpaka livimbe. Kwao Sanuki mochi ni ya duara. Haichomwi, huchemshwa katika miso nyeupe, yaani rojo la soya zilizochachushwa, na tumboni mwake hujazwa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Marehemu mama yake alikuwa akisema kwamba wakulima wa zamani waliuficha utamu humo ili wakubwa waliowanyima sukari wasiuone. Tangu mama huyo azikwe, hapakuwa na mtu tena wa kumpikia Chizuru supu ya kwao.

Mama mkwe wake, Fusae, hakutaka hata kuisikia.

“Maharage ya sukari ndani ya supu!” alikuwa akisema. “Huko kwenu mlikosa kuni, au mbona chakula na vitamutamu mnavitia sufuria moja?”

Basi Desemba ilipoanza, Fusae aliteleza kwenye ngazi za bafu la mtaani, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Akafungwa plasta nzito mpaka kwenye vidole. Jiko likaangukia kwa Chizuru, na Chizuru hakuiacha nafasi hiyo impite.

“Mama, mwaka huu nitapika supu ya kwetu.”

“Pika,” alisema Fusae. “Lakini sikiliza vizuri, mkwe wangu. Bakuli moja tu likirudi jikoni na kitu ndani, hata punje, supu hiyo haitatajwa tena katika nyumba hii mpaka mimi nife. Tumeelewana?”

“Tumeelewana, Mama.”

Hideki, mume wake, aliposikia alishika kichwa. “Umekubali? Mbele ya mjomba Genichi? Yule hata chai akiona sukari anahama meza!”

“Atakula,” alisema Chizuru, ingawa moyoni hakuwa na uhakika hata kidogo.

Asubuhi ya mwaka mpya wakaketi wanne: Fusae kwenye nafasi ya heshima, mdogo wake Genichi kuliani mwake, Hideki na Chizuru upande wa pili. Kila mmoja aliwekewa bakuli lake jeusi la kung’aa, na kifuniko chake juu. Wakainamisha vichwa, wakashukuru, vifuniko vikaanza kufunguliwa. Mvuke ukapanda.

“He!” Genichi aliruka. “Hii supu imefuliwa kwa sabuni? Mbona nyeupe hivi?”

“Kula, Mjomba. Mwaka hauanzi kwa midomo,” alisema Chizuru.

“Na nikikabwa na hiyo mochi, mazishi analipa nani?”

“Yako nimeikata vipande vidogo, Mjomba. Huna bahati hiyo.”

Hideki alicheka, akanyanyua bakuli lake, akaanza. Genichi naye akaliinua lake, akang’ata, akakodoa macho. Baada ya muda akakirudisha kifuniko juu ya bakuli kwa adabu zote, kama afanyavyo mtu aliyeshiba, akajifuta mdomo. Chizuru akamaliza lake. Miso ile ilimteremka kooni na machozi yakamlenga, kwa kuwa ladha ilikuwa ni ya mama yake kabisa.

Ndipo alipotazama upande wa Fusae.

Kifuniko cha Fusae kilikuwa hakijafunguliwa. Vijiti vyake vya kulia vilikuwa mezani mahali pale pale. Mama mkwe alikuwa amekaa wima, macho yake ukutani, uso umeiva.

Chizuru akaelewa yote kwa mara moja. Kula supu lazima bakuli lipande mdomoni. Mkono mmoja unashika bakuli, mwingine vijiti. Anayeinama kulifuata bakuli mezani anakula kama mbwa, na Fusae alikuwa amewachapa watoto wa mtaa mzima kwa kosa hilo. Tangu avunjike alikuwa akila peke yake chumbani, vitu vikavu vya sahani, mlango umefungwa. Alipotoa lile sharti lake hakuukumbuka mkono wake mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

“Mama,” Hideki alinong’ona, “nikuletee kijiko?”

“Kijiko!” Fusae alifoka. “Mimi mtoto wa chekechea? Niacheni. Sina njaa.”

Genichi akapiga paja. “Basi mchezo umekwisha! Bakuli la dada linarudi jikoni limejaa. Pole, bibi harusi wa Sanuki, ulijitahidi.”

Chizuru angeweza kulia pale pale. Kushindwa kwa sababu supu ni mbaya, sawa, lakini si kwa sababu ya plasta! Akainuka, akaizunguka meza, akapiga magoti kushotoni kwa Fusae, bega kwa bega, akitazama upande ule ule anaotazama yeye. Akaliminya bakuli kidogo ubavuni mpaka kifuniko kilichonaswa na mvuke kikaachia. Kisha akaliweka kwenye kiganja chake na kuliinua mpaka usawa wa kifua cha mama mkwe, akalishika hapo bila kutikisika.

“Wewe unakula mwenyewe, Mama,” alisema polepole. “Mimi ni mkono wa kushoto tu.”

Fusae alilitazama bakuli, akakitazama kiganja kile.

“Shusha kidogo,” alisema. “Mkono wangu hauna kiherehere hivyo.”

Chizuru akashusha. Fusae akachukua vijiti. Akala figili, akala karoti, kisha akaing’ata mochi, ikavutika, na maharage mekundu yakachungulia. Akatafuna kwa muda mrefu. Akang’ata tena. Kiganja cha Chizuru kiliungua lakini hakukisogeza.

“Inamisha,” Fusae akaamuru. Chizuru akainamisha, na mama mkwe akainywa supu yote mpaka weusi wa bakuli ukaonekana.

Halafu akageuka. “Genichi. Fungua kifuniko chako.”

“Dada, nimeshafunika. Adabu hairuhusu…”

“Usinifundishe adabu. Fungua.”

Akafungua. Mlikuwa na vipande vya mochi, vingine vimeng’atwa, maharage yamesukumwa pembeni. Bakuli moja tu, ndivyo sharti lilivyosema.

“Nilisema likirudi jikoni,” Fusae alitamka kwa sauti ya hakimu. “Hilo bado liko mezani. Na halitoki hapa. Kula, mnafiki wewe, unayefunika mabaki ili mke wa watu ashindwe. Kula mpaka nione rangi ya bakuli!”

Genichi akala. Alikula akinuna, kisha akiwa hanuni tena, na mwisho alikuwa akiyakomba maharage kwa ncha za vijiti akidhani hakuna anayemwona. Hideki alicheka hadi akajifunika uso.

Chizuru aliyabeba mabakuli manne kwenda jikoni. Yalikuwa mepesi, yakigongana kwa sauti ya kupendeza. Alisimama mbele ya sufuria akatabasamu peke yake. Alikuwa ameshinda, na alitaka kupiga vigelegele mpaka Sanuki wasikie.

“Chizuru!” Sauti ya Fusae ilivuma kutoka sebuleni. “Imebaki?”

“Imebaki, Mama!”

“Sasa unafanya nini huko? Nijazie, uje unishikie.”