Ulimbo kwenye Ugoko

Kila mpira uliporudi mkononi mwake, Eligio alitamani kuutupa. Ulinata. Ulinuka msonobari na mafuta ya kujikinga jua, na nyuzi zake nyekundu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

Ilikuwa Jumapili alasiri, raundi ya nane kati ya tisa, uwanja wa besiboli wa San Pedro umefurika, na Deivi Guilamo, mrushaji wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa hajapigwa hata mpira mmoja. Mipira yake ilikata kona kama mbwa aliyerushiwa jiwe. Wapigaji walichapa hewa, wakarudi kukaa.

"Hiyo ni fimbo au mwiko wa maharage?" mama mmoja alimzomea mpigaji. "Njoo basi tukupe na sufuria!"

Watu wakaangua kicheko. Eligio, mdakaji wake, hakucheka. Ulimbo wa msonobari, uliopigwa marufuku kwa kuwa humpa mrushaji mshiko wa kuupinda mpira, ulikuwa umepakwa kwenye kinga ya ugoko wake mwenyewe, upande wa nyuma, na kabla ya kumrudishia Deivi mpira aliusugua hapo mara moja. Kocha ndiye aliyeagiza asubuhi: "Leo kuna wageni wa timu za Marekani, wanasaka vipaji. Kijana lazima ang'are." Naye Eligio, miaka kumi na tisa uwanjani bila doa, anayestaafu msimu ukiisha, aliitikia kama mbuzi anayekokotwa sokoni.

Raundi ilipokwisha, mwamuzi Don Ubaldo alimkagua Deivi mikono, kofia, mkanda. Hakuona ila unga wa utomvu wa kukausha vidole, ambao unaruhusiwa. Kisha akampiga Eligio begani.

"Wengine nawakagua, kaka. Wewe nikukague nini? Si nakujua!"

Eligio alivuta mguu nyuma, kinga isionekane.

Angemwambia Deivi waache. Lakini mrushaji ambaye hajapigwa hasemeshwi. Anakaa peke yake mwisho wa benchi, wenzake wakimpita kama mgonjwa wa ukoma, na atakayefungua kinywa atalaumiwa mpaka kaburini. Mila ya kulinda bahati, sasa inalinda uchafu.

Raundi ya tisa, wapigaji wawili wakatolewa. Kati ya ishirini na saba wa mchezo mzima, akabaki mmoja. Eligio akainua mkono kuomba mchezo usimame kidogo.

"Goti," alimdanganya mchuaji wa timu.

Akaletewa taulo na chupa ya beroni, ile spiriti ya kuchulia misuli. Hakuigusisha kwenye goti. Aliimimina kwenye kinga ya ugoko, akasugua mpaka taulo likawa jeusi. Akachukua mpira mpya kwa Don Ubaldo, akapanda na taulo lake kwenye kichuguu cha mrushaji, akafungua kinywa.

"Nimeufuta ulimbo."

Deivi alimkodolea macho. "Mzee, una wazimu? Unanisemesha mimi sasa hivi?"

Eligio alimnyooshea taulo. "Futa vidole hapa. Rusha wa kwako."

"Nikipigwa sitakusamehe."

"Usinisamehe." Eligio akachomeka taulo kiunoni, akarudi kuchuchumaa nyuma ya mpigaji.

Deivi alirusha mitatu. Yote ilinyooka, mikali, usawa wa magoti. Mpigaji aliikosa yote; mara ya tatu alizungusha fimbo hadi akaanguka, akatolewa, na uwanja ukalipuka.

Deivi alimrukia shingoni. "Umeona, mzee? Mikavu kabisa! Nimeweza!"

"Nimeona." Hilo ndilo lililomchefua kuliko ulimbo wenyewe: kumbe kijana aliweza tangu mwanzo. "Huyo mmoja ni wako. Na wale ishirini na sita?"

Deivi alitazama majukwaa yaliyokuwa yakiimba jina lake, akatabasamu.

"Nani atauliza?"

Eligio alimtoa shingoni kama mtu anayejibandua ruba. Don Ubaldo alikuwa anakuja, mkono mbele, uso umejaa furaha.

"Hongera, kaka! Unastaafu kifalme!"

Eligio hakuupokea mkono ule. Aliuwekea lile taulo jeusi.

"Nusa," alisema. "Halafu nikague mimi."